Bi Khamisa na Duka la Kufunga Zawadi

"Karatasi!" Ndila alipaza sauti, akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Watu wa Kabati watoe pesa wanunue karatasi, halafu waichane siku hiyo hiyo? Khamisa, hata mbuzi hula karatasi bure!"

"Mbuzi haalikwi harusini, Mama Nthenya," sauti ilijibu kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati. "Mimi nawafungia watu."

"Watu gani? Nitajie jina la mmoja tu."

"Watakuja."

"Watakuja! Hata mvua hutuambia hivyo kila mwaka."

Wateja waliokuwa wakinywa chai hotelini kwa Ndila, hapo kituo cha soko cha Kabati, walicheka hadi mmoja akamwagikiwa. Wengine walimuunga mkono Ndila, wengine wakamtetea jirani yake, na fundi wa baiskeli akasema yeye atangoja aone kwanza, maana mwenye haraka hununua punda kiwete. Nthenya, binti ya Ndila, alipita katikati yao na birika mkononi. Alikuwa darasa la sita, na kila jioni baada ya shule alikuwa akimsaidia mama yake kugawa chai na mandazi. Ugomvi wa ukuta wa mabati aliuzoea kama wengine walivyozoea taarifa ya habari ya redio. Usiposikika siku moja, watu huuliza kama kuna mgonjwa.

Bi Khamisa alikuwa mtu wa Kitui mjini, lakini alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi kwa dada yake mwenye duka la zawadi. Dada alipofariki, Khamisa alirudi na mabunda ya karatasi za kung'aa, tepe za kila rangi na mkasi mrefu wenye mpini mweusi. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1987 alikodi chumba kile kando ya hoteli ya Ndila, akaandika juu ya mlango kwa rangi ya bluu: TUNAFUNGA ZAWADI.

Watu waliingia, hilo si uongo. Waliingia, wakazigusa karatasi, wakasema "Aiya, kweli dunia ina mambo!" kisha wakatoka. Wasichana wa shule waliomba vipande vya tepe vya kufungia nywele. Mzee mmoja aliuliza kama karatasi ile inaweza kuziba tundu la paa. Lakini kufungiwa zawadi? Hakuna.

Nthenya alilipenda duka lile kuliko mahali pengine popote Kabati. Alipomaliza kuosha vikombe alikuwa akikimbilia kwa Bi Khamisa kujifunza kukunja pembe, kulaza selotepu isionekane, na kuukwaruza utepe kwa ubavu wa mkasi mpaka ujikunje kama nywele za mtoto. Bi Khamisa hakumfokea alipokosea. Alimwambia tu, "Kunjua, anza tena. Na kumbuka, karatasi hufuata kitu. Kitu hakifuati karatasi."

Jioni moja mwezi wa saba, Bi Khamisa alikaa juu ya kigoda chake akiitazama barabara yenye vumbi. "Mwezi ujao shule zikifungwa ni msimu wa harusi," alisema. "Nao ukipita hivi hivi, mwanangu, nitafunga mlango huu nirudi mjini kwa kaka yangu Shee. Siwezi kukaa nikiuza hewa."

Nthenya alihisi kama ameambiwa shule yenyewe itafungwa daima. Tangu siku hiyo kila aliyepita njiani alimtazama kama mteja.

Mteja alikuja Ijumaa moja ya likizo ya mwezi wa nane, siku moja kabla ya harusi ya Ndinda. Bi Khamisa alikuwa amekwenda Kitui, kwanza msikitini, halafu sokoni kununua gundi. Nthenya alikuwa peke yake dukani. Aliyeingia alikuwa Mzee Musyoka mwenyewe, mwenye mashine ya kusaga unga, mtu mnene mwenye kofia ya kahawia. Ndinda alikuwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo yeye ndiye mjomba, na mjomba harusini ni mtu wa kutazamwa. Lakini Kabati nzima ilijua kwamba Mzee Musyoka alikuwa na mkono wa birika. Akikupa pole tu, hesabu umepata.

Aliweka juu ya meza kijisanduku cha glasi sita. "Nifungie," alisema. "Nataka kesho nikiingia, watu wageuke."

Nthenya alichukua karatasi nyekundu ya kung'aa, akakunja kama alivyofunzwa. Kazi ilikuwa safi. Mzee Musyoka alikishika kijisanduku, akakigeuza.

"Hiki ndicho kitawageuza watu? Kinafanana na mche wa sabuni!" Akaanza kukitia kwenye mfuko wa koti. "Wacha. Nitakibeba hivi hivi, na karatasi yako ubaki nayo."

Nthenya aliona msimu wote wa harusi ukitoka mlangoni ndani ya koti lile.

"Ngoja, mzee!" alisema. "Niachie. Ukirudi jioni utaona."

Mzee alipoondoka, Nthenya alizunguka nyuma ya hoteli akachukua katoni kubwa iliyokuja na makopo ya mafuta ya kupikia. Alijaza maganda makavu ya mahindi, akazika glasi katikati, akajaza tena hadi juu. Kisha akaifunga katoni yote kwa karatasi nyekundu, akaizungushia utepe wa dhahabu, akaweka ua kubwa la tepe juu yake. Neno la Bi Khamisa lilimjia akilini, la karatasi kufuata kitu. Akalisukuma kando kama unavyosukuma kuku mlangoni.

Mzee Musyoka aliporudi, macho yalimng'aa. "Hii ndiyo yangu?"

"Ndiyo yako, mzee."

Aliibeba begani. Akasimama kidogo, akamtazama Nthenya, akaitazama katoni. Halafu akasema, "Umefanya vizuri," akalipa, akaondoka.

Bi Khamisa aliposhuka kwenye gari na kusikia habari hiyo, alipiga kigelegele peke yake katikati ya barabara. "Ulimfungia nini?"

"Glasi."

"Ukafunga vizuri?"

"Vizuri," Nthenya alisema, akaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa.

Bi Khamisa aligonga ukuta wa mabati kwa ngumi. "Mama Nthenya! Uliniambia nikutajie jina la mmoja. Anaitwa Musyoka!"

"Musyoka?" Ndila alijibu. "Musyoka amelipa pesa kwa karatasi? Basi mwisho wa dunia umekaribia, wacha nikaungame!"

Harusi ya Ndinda ilijaza uwanja wa kanisa. Wakwe walitoka mbali, kutoka Nunguni, wamevaa makoti kama watu wanaotoka kwenye baridi. Ulipofika wakati wa zawadi, mwongoza sherehe, kijana mmoja wa maneno mengi aitwaye Jonah, alisimama juu ya benchi. Kama ilivyo desturi, kila zawadi iliinuliwa juu na kutangazwa.

"Shangazi ameleta godoro!" Vigelegele. "Kina mama wa kwaya wameleta sufuria nne na karai!" Vigelegele tena, na kina mama wakazipitisha vichwani wakicheza ili kila jicho lione. "Mwalimu mkuu ameleta taa ya karabai! Bwana harusi, sasa hutajikwaa!"

Hapo ndipo Mzee Musyoka alipoingia, amechelewa kwa makusudi, katoni nyekundu begani. Watu waligeuka. Waligeuka kweli! Mpaka mchungaji aligeuka.

"Mjomba!" Jonah alipiga kelele. "Mjomba wa mashine! Sijui ni redio, sijui ni cherehani! Vijana, msaidieni mzee, asivunjike mgongo!"

Vijana wawili walikimbia. Walichutama, wakakaza misuli kama wanaonyanyua gunia la mahindi, wakavuta. Katoni iliruka juu kama kiota, na kijana mmoja akaanguka chali. Kicheko cha kwanza kikatoka.

"Fungueni!" kina mama waliimba. "Fungueni tuone!"

Shangazi alichana karatasi. Maganda ya mahindi yalimwagika hadi miguuni pa bibi harusi. Shangazi aliingiza mkono, akachakura, akachakura zaidi, hatimaye akatoa kijisanduku. Glasi moja ilikuwa imepata ufa. Kuku wa jirani walikuja mbio kuona kama maganda yale yamebaki na punje.

Jonah, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikohoa. "Mjomba ameleta... glasi sita. Na chakula cha ng'ombe."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mama mmoja wa upande wa wakwe alimwinamia mwenzake, akauliza kwa sauti iliyosikika na wote, "Kwani huyu ndiye mjomba wao?" Ndinda aliinamisha kichwa, shela ikamfunika uso. Nthenya, aliyekuwa amekaa na watoto wenzake mbele kabisa, aliona shela ile ikitikisika na akajua kwamba Ndinda hacheki.

Jumatatu asubuhi Mzee Musyoka alisimama mlangoni pa duka la Bi Khamisa, kofia mkononi, jasho usoni.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe!" alinguruma. "Wanawake wakija kusaga sasa wananiita Baba Maganda! Ni wewe uliyemtuma mtoto anifungie takataka?"

"Maganda gani, mzee?" Bi Khamisa aliuliza. Hakuwa ameenda harusini. Aligeuka polepole, akamtazama Nthenya.

Nthenya aliutazama mkasi.

Bi Khamisa alingoja kidogo. Kisha akamgeukia mzee. "Duka ni langu, na lawama ni yangu. Nisamehe."

"Mtu yeyote akiniuliza habari ya duka hili, nitamwambia ni duka la matapeli!" Akaondoka.

Bi Khamisa alipanda juu ya kigoda. Alianza kuzitoa karatasi ukutani, moja moja, akizikunja kwa safari. Na upande wa pili wa mabati, kwa mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe, Ndila alinyamaza.

Nthenya alikimbilia jikoni kwa mama yake akalia. Alieleza yote: kijisanduku, katoni, maganda, na lile neno "vizuri" alilomwambia Bi Khamisa.

Ndila aliepua chai, akajifuta mikono. Nthenya alifikiri atasema, "Si niliwaambia?" Lakini hakusema hivyo.

"Mimi nilitaka kumshinda Khamisa kwa maneno," alisema. "Sikutaka ashindwe kwa kosa la mtoto wangu. Anaitwa tapeli hapo nje, na wewe umesimama na mdomo kama mfuko uliofungwa? Nenda. Miguu ni yako, na mdomo ni wako."

Nthenya alirudi dukani. "Bi Khamisa," alisema, na machozi yakamtangulia, "ni mimi. Niliogopa mteja akitoka utaondoka. Nikaijaza ionekane kubwa. Halafu nikakudanganya."

Bi Khamisa aliweka karatasi chini. "Nilijua ni wewe, mwanangu. Humu ndani tuko wawili tu. Nilikuwa nangoja kama utaniambia." Alijifunga buibui vizuri. "Sasa Mzee Musyoka naye anadhani mimi ndiye niliyekutuma. Twende."

Walikwenda watatu, kwa sababu Ndila alisema hawezi kubaki na masufuria wakati maneno yenyewe yako kwingine. Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma, na kina mama wamepanga foleni na mikebe ya mahindi. Nthenya alisema kosa lake, lakini hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa nguvu. Mzee Musyoka, aliyejaa unga hadi kwenye nyusi, alizima mashine ili asikie, na ukimya ukaingia ghafla, foleni nzima ikatega masikio. Ilibidi aseme mara ya tatu, mbele ya watu wote.

"Ni mimi niliyeweka maganda, mzee. Bi Khamisa hakuwepo na hakujua. Usimwite tapeli. Nisamehe."

Mzee Musyoka alifungua mdomo kunguruma. Lakini mke wake, Mama Ndeti, aliyekuwa akipokea pesa pembeni, alimtangulia.

"Baba Ndeti, hebu ngoja. Ulipoibeba katoni ile kutoka dukani mpaka nyumbani, bega halikukuambia kitu? Wewe unayejua uzito wa mkebe wa mahindi kwa kuutazama tu?"

Kina mama wakaziba midomo kwa leso. Mzee alivua kofia, akaipangusa unga, akaivaa tena.

"Bega liliniambia," alisema mwishowe. "Lakini macho yalipendezwa, nikalinyamazisha bega." Na kwa kuwa hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyotoka, akaanza kucheka, tumbo likitikisika, na foleni nzima ikacheka pamoja naye. Safari hii hakuna aliyechekwa peke yake.

"Mtoto amekosa, nami nimekosa," alisema. "Zile glasi nilizirudisha nyumbani kwa aibu. Ndinda hana zawadi ya mjomba. Nifanyeje?"

"Tuzifunge upya," Nthenya alisema.

"Nani atatazama tena kitu kilichofunikwa?" Ndila alidakia. "Khamisa, nisikilize, sikugombezi sasa. Huko Mombasa labda watu hufungua zawadi chumbani. Sisi hapa mtu hutoa watu wakiona. Kina mama wabebe sufuria vichwani, halafu wewe unataka wazifiche? Ndiyo maana hawaji! Ile karatasi unayofunikia rafu zako vumbi lisiingie, ile inayoonyesha ndani kama kioo, ni ya nini?"

Bi Khamisa alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. "Ile? Ni ya maua. Huko tulifungia maua tu."

"Basi hapa funga sufuria!"

Mzee Musyoka alitazama foleni, akatazama kofia yake, akapumua kwa nguvu. Aliagiza glasi moja badala ya ile yenye ufa, kisha, bila kuulizwa na mtu, akaongeza jagi na sinia. Mama Ndeti alishika kifua kwa mshangao.

Nthenya na Bi Khamisa walipanga jagi katikati ya sinia, glasi sita zikilizunguka. Hawakuongeza hata kipande cha gazeti. Waliifunika kwa karatasi ile angavu, wakaikusanya juu, wakaifunga utepe wa dhahabu. Jua likaingia ndani yake. Kila kitu kilionekana kilivyo, na bado kilipendeza.

Siku ya soko Mzee Musyoka alitembea mbele, Nthenya akimfuata na sinia kichwani, Bi Khamisa na Ndila nyuma. Mwenye nyanya aliacha nyanya zake. "Aiya! Mmefungia wapi hii?" Mwingine akauliza, "Na beseni mnaweza? Dada yangu anaolewa mwezi ujao." Mwingine alitaka kufungiwa kiondo cha zawadi za mtoto mchanga. Bi Khamisa alijibu huku na huku hadi sauti ikamkauka, na Ndila akaanza kumjibia, akitaja mpaka bei, kana kwamba duka lilikuwa lake tangu mwanzo.

Kabla hawajafika nyumbani kwa mama yake Ndinda, ambako maharusi walikuwa bado na wageni wao, Bi Khamisa alipunguza mwendo akatembea sambamba na Nthenya.

"Nilifikiri biashara ni karatasi," alisema. "Mama yako amenifundisha kwamba biashara ni kuwajua watu unaowauzia. Lakini hata ukiwajua, mwanangu, ukiwadanganya mara moja hawarudi. Mteja wa kwanza unaweza kumpata kwa hila. Wa pili huletwa na ukweli wa yule wa kwanza. Kesho nitazirudisha karatasi ukutani, na wewe utakuja kukunja pembe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bi Khamisa."

Mume wa Ndinda alipokea sinia kwa mikono miwili, akaiinua wageni waione. Mzee Musyoka alimwomba radhi mpwa wake mbele ya wote, kwa maneno machache, maana hakuyazoea. Ndinda alimkumbatia. Watu wakaingia ndani mmoja mmoja, Ndila akiongoza kwa sababu alikuwa amesikia harufu ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyochemshwa na maharagwe.

Nthenya hakuingia. Alisimama kando ya lango la miiba, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Aliikumbuka shela ile ilivyotikisika.

Ndinda alihesabu wageni kwa macho, akatoka tena uani, mikono ikiwa na unga.

"Wewe ndiye uliyeweka maganda?" aliuliza.

"Ni mimi," Nthenya alisema. "Nisamehe, dada."

Ndinda alimsogelea pale langoni. Kisha akamshika mkono, akamwachia unga kiganjani.

"Ulinitia aibu sana. Lakini umekuja na miguu yako," alisema. "Ingia ndani ule. Muthokoi uko mezani, na mjomba akitangulia kupakua, sisi wengine tutalala njaa."